Kobe Walipata Watetezi: Habari ya Diego Garcia na Sisi

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha wenzetu wa Afrika Mashariki hapa London. Baadhi ya waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Makosa yote ni yangu.)



Kwanza naomba radhi. Mimi si mwanahistoria wala mwanasheria. Mimi ni muuguzi, nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii na nimelala saa nne tu, kwa hiyo mkiniona napepesuka msinifikirie vibaya. (Kicheko.) Niliombwa nizungumzie kambi za kijeshi za kigeni katika Bahari ya Hindi. Hiyo mada ni ya wiki nzima. Nimechukua moja tu, uwanja wa ndege wa kijeshi wa Diego Garcia, na nitasema kwa nini.

Siku moja alilazwa wodini kwetu bibi mmoja, rika la mama yangu mkubwa. Sitasema hospitali gani wala maradhi gani. Alikuwa na bintiye akimtafsiria, maana yeye anasema Kikrioli tu. Nikawa najaza maelezo yake kwenye kompyuta. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa. Binti akajibu haraka, "Mauritius." Bibi akatikisa kichwa. "Non. Peros." Mie masikini ya Mungu nikadhani anasema Peru! Nikamuuliza binti, Peru ya Marekani ya Kusini? Akacheka kwa kuchoka, kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi. Akaniambia mwandikie Mauritius tu, dada, ndivyo wanavyofanya wote. Bibi akakataa tena. Nikatafuta kwenye orodha, Peros haimo. Nikabonyeza "Kwengineko".

Lile neno "Kwengineko" lilinikaa usiku kucha. Siye wenyewe ni watu wa visiwa. Mtu akiniambia mimi nimezaliwa "kwengineko" nitagombana naye. Wakati wa mapumziko nikaanza kusoma, na kusoma huko hakujesha mpaka leo.

Peros Banhos ni kundi la visiwa vidogo katika funguvisiwa la Chagos, katikati kabisa ya Bahari ya Hindi. Visiwa vyote pamoja ni zaidi ya 50, vingi vidogo vya mchanga na minazi. Kikubwa kuliko vyote ni Diego Garcia, chenye umbo kama la unyayo wa mguu, na ndiyo maana wanajeshi wa Kimarekani wanakiita "Unyayo wa Uhuru". Kutoka pwani yetu ni kama kilometa 3,500 kwenda mashariki. Ni mbali, lakini waliokipanda minazi walitoka kwetu.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana jambo hili hatulipendi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya Wafaransa huko Île de France, ambayo ndiyo Mauritius ya leo. Kilwa yetu hii. Katika miaka ya 1780 Wafaransa wakaanza kupeleka watumwa kutoka Mauritius hadi Chagos wakalime minazi. Wengi asili yao ni Msumbiji na Madagaska, watu waliopita katika mikono ya wafanyabiashara wa pwani hii. Kwa hiyo mtu akiniuliza Wachagosi wanatuhusu nini, namwambia ni ndugu zetu tuliowauza. Utumwa ulipofutwa Mauritius mwaka 1835 walibaki visiwani kama vibarua wa makampuni. Walizaana, wakazikana, wakajenga makanisa, wakawa na lugha yao na ngoma yao ya sega. Kazi yao sisi tunaijua bila kufundishwa: kuangua, kufua, kupasua, kuanika, kupakia mbata. Nilipoona picha za zamani za akina mama wa Diego Garcia wamekaa chini wanatoa nazi kwenye vifuu, nilidhani niko Makunduchi.

Sasa tuje kwenye ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Stuart Barber, aliyeona jambo ambalo wakubwa zake walikuwa hawajaliona. Aliona kwamba Afrika na Asia zinapata uhuru, na kwamba serikali mpya za watu weusi na wa manjano hazitataka kambi za wazungu kwenye ardhi zao. Dawa aliyopendekeza ni kutafuta visiwa vidogo, vya mbali, vyenye watu wachache, kuvikata kutoka kwenye makoloni kabla makoloni hayajawa huru, na kuvishikilia daima. Sijui kama mtu huyu aliwahi kufika Afrika, lakini alitusoma sawasawa.

Tazameni mambo yalivyokuwa. Waingereza walikuwa na uwanja wa ndege wa kijeshi Eastleigh, Nairobi. Kenya ikapata uhuru Desemba 1963, na ilipofika mwisho wa 1964 majeshi yale yalikuwa yamekwisha kuondoka. Aden waliikimbia Novemba 1967. Kwetu Zanzibar Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga za juu, Tunguu na Chwaka, na wazee waliopo hapa wanakikumbuka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Mzee Karume ikawataka wakiondoe, na mwezi wa Aprili kikawa hakipo. Katikati ya hayo, mwisho wa Februari 1964, wiki sita tu baada ya Mapinduzi, maofisa wa Uingereza na Marekani walikutana hapa hapa London kwa siri kuzungumzia visiwa gani vichukuliwe. Sisemi kwamba Mapinduzi ndiyo yaliyoleta Diego Garcia. Mpango ulikuwepo kabla. Ninachosema ni kwamba kila tulipofunga mlango mmoja, mtu mwingine asiye na sauti alivunjiwa nyumba.

Wengi wetu tunalijua jengo la Lancaster House, pale karibu na stesheni ya Green Park. Wakenya wanalijua, katiba zao zilijadiliwa pale. Sisi Wazanzibari tulikwenda pale Septemba 1963. Miaka miwili baadaye, Septemba 1965, ikawa zamu ya Mauritius. Asubuhi ya tarehe 23 Waziri Mkuu Harold Wilson alimwita Seewoosagur Ramgoolam, kiongozi wa Mauritius, wazungumze faraghani. Karatasi aliyoandikiwa Wilson na katibu wake kabla ya mazungumzo ipo, imetolewa kwenye nyaraka. Inasema lengo ni kumtisha Ramgoolam kwa matumaini: matumaini kwamba huenda akapata uhuru, na hofu kwamba huenda asiupate. Mpaka jioni Chagos ilikuwa imekwisha kuondoka. Mauritius ililipwa pauni milioni 3. Seychelles, ambayo nayo ilikatwa visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches, ikajengewa uwanja wa ndege wa Mahé. Tarehe 8 Novemba 1965 ikatangazwa koloni mpya, Himaya ya Uingereza katika Bahari ya Hindi. Yaani mwaka ambao kila mtu anafunga makoloni, wao wanafungua jipya.

Wamarekani nao hawakulipa kodi hata senti. Walichofanya ni kuwapunguzia Waingereza dola milioni 14 kwenye bei ya makombora ya Polaris, kimya kimya, Bunge la huku lisijue na Kongresi ya kule isijue. Makubaliano yalitiwa saini tarehe 30 Desemba 1966: miaka 50, na 20 ya nyongeza. Siku ya kufunga mwaka kasoro moja, watu wako likizo.

Niwaeleze habari ya kobe sasa, maana ndiyo jina la mazungumzo yangu.

Mnawajua kobe wakubwa wa Changuu, wale tunaowapeleka wageni wakawalishe mchicha. Wa mwanzo waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919, na asili ya kobe wale ni kisiwa cha Aldabra, kama kilometa 640 kutoka bara la Afrika. Basi katika mpango ule wa 1965, Diego Garcia ilikuwa ya Wamarekani, na Aldabra ilitakiwa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza wajenge uwanja wao wa ndege. Habari ikavuja. Wanasayansi wa Royal Society wakaja juu, wenzao wa Marekani wakawaunga mkono. Kuna kobe wasiopatikana kwengine! Kuna ndege asiyeweza kuruka! Mbunge Tam Dalyell akamwandama Waziri wa Ulinzi, Denis Healey, kwa maswali Bungeni mpaka akamkera. Magazeti yakaandika. Novemba 1967 pauni ikashushwa thamani, serikali ikatafuta pa kubana matumizi, na siku chache baadaye uwanja wa Aldabra ukafutwa. Leo Aldabra ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1982, na kobe wanatembea kwa raha zao. Mimi nawapenda kobe, sina ugomvi nao.

Lakini wakati ule ule watu kati ya 1,500 na 2,000 walikuwa wanaandaliwa kufukuzwa Chagos, na hakuna mwanasayansi aliyepiga kelele, kwa sababu kwenye karatasi watu wale hawakuwepo. Agosti 1966 wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje waliandikiana barua za ndani. Mmoja anasema tuwe wakali, hapatakuwa na wenyeji isipokuwa shakwe. Mwenzake anaongeza kwa mzaha kwamba pamoja na ndege wale wanakuja Tarzani wachache na "Ijumaa" wachache, akimaanisha yule mtumishi wa Robinson Crusoe. Mzaha, lakini ulikuwa na kazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unamtaka mwenye koloni atoe ripoti juu ya wenyeji wake. Ukisema hakuna wenyeji, kuna vibarua wa muda tu, huna la kuripoti. Watu ambao bibi zao na bibi wa bibi zao wamezikwa pale wakageuzwa vibarua wa muda.

Na namna ya kuanza kuwatoa, jamani, mimi kama muuguzi ndiyo inayoniuma kuliko zote. Walianza na wagonjwa.

Ilikuwa kawaida Mchagosi akiugua ugonjwa usiowezekana pale kisiwani, anapanda meli kwenda Mauritius, anatibiwa, anarudi. Rita Bancoult wa Peros Banhos alikwenda mwaka 1968 na mumewe na watoto, kwa sababu bintiye mdogo alipitiwa na gurudumu la mkokoteni mguuni. Mtoto hakupona, alifariki kule. Walipokwenda kuuliza meli ya kurudi wakaambiwa visiwa vimeuzwa, hamrudi tena. Amemzika mwanawe, na siku zile zile anaambiwa hana kwao. Katika kazi yangu mtu akija hospitali tunamwambia usiwe na wasiwasi, ukipata nafuu utarudi nyumbani. Ndilo neno la kwanza la kumtuliza mgonjwa. Wao hilo hilo ndilo lililofanywa mtego.

Waliobaki walipunguziwa meli za chakula na dawa. Machi 1971 wahandisi wa jeshi la majini la Marekani wakatua Diego Garcia na matingatinga yao kuanza njia ya kurukia ndege. Mwaka ule ule Gavana wa Seychelles, Sir Bruce Greatbatch, ambaye ndiye aliyesimamia koloni jipya, aliamuru mbwa wa kisiwa wauawe. Walijaribiwa kupigwa risasi, wakajaribiwa sumu, mwisho wakafungiwa kwenye banda la kukaushia mbata wakauliwa kwa moshi wa magari ya jeshi. Mbwa karibu 1,000, watoto wakiwasikia. Najua wengine hapa watasema aa, mbwa. Walioona walielewa kilichokuwa kinasemwa: nyinyi ndio mnaofuata. Wakapakiwa kwenye meli ya Nordvaer, mtu na sanduku lake. Farasi wa kampuni walipata nafasi ya juu, na wapo waliosafiri wamelala juu ya mbolea ya kinyesi cha ndege. Diego Garcia ilikwisha 1971, Salomon 1972, Peros Banhos Mei 1973. Liseby Elysé alikuwemo katika moja ya safari za mwisho, ana mimba ya miezi minne, na mtoto hakuishi. Mwaka 2018 alilieleza hilo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Mauritius haikuwapokea kwa mikono miwili, na hili lazima lisemwe kwa sababu sisi Waafrika tunapenda kumaliza hadithi kwa mkoloni. Waliishi kwenye vitongoji vya mabati vya Port Louis, Roche Bois na Cassis, hawana kazi maana hapakuwa na minazi ya kufua, wakibezwa kwa weusi wao na kwa lafudhi yao. Uingereza ilitoa pauni 650,000 mwaka 1972 za kuwasaidia. Pesa ilikaa kwa serikali ya Mauritius mpaka 1977 na 1978 ndipo ikagawiwa, thamani imeshaliwa na mfumuko wa bei. Waliofariki katikati walikuwa wamekwisha kufariki.

Wachagosi wana neno, "sagren". Kikamusi ni huzuni, lakini wanalitumia kama jina la ugonjwa. Fulani kafa na nini? Na sagren. Nilipolisikia nikakumbuka marehemu bibi yangu akisema fulani kafa kwa kusononeka, na sisi watoto tuliosoma tunamcheka. Leo nina shahada, na nimeona wazee wahamiaji wanaokataa chakula, vipimo vyote safi, daktari anatuuliza sisi wauguzi ana nini huyu. Sicheki tena.

Ni akina mama waliosimama kwanza. Rita Bancoult, Lisette Talate, Charlesia Alexis na wenzao walifunga kula mabarabarani Port Louis, wakapigwa na polisi, wakawekwa ndani. Matokeo yake ni malipo ya pauni milioni 4 ya mwaka 1982. Lakini watu wengi wasiojua kusoma waliwekewa karatasi ya Kiingereza watie dole gumba, na ndani yake imeandikwa wameiacha haki ya kurudi. Wazee wangu mnaosaini makaratasi ya benki na ya baraza la mtaa bila kunipigia simu, nawaangalia nyinyi. (Kicheko.)

Kisha kesi. Olivier Bancoult, mtoto wa Rita, fundi umeme, aliishitaki serikali hapa London. Novemba 2000 Mahakama Kuu ikasema kuwafukuza kulikuwa kinyume cha sheria, na Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akakubali asikate rufaa. Sherehe. Juni 2004 serikali hiyo hiyo ya Labour, waziri mwengine, ikawapiga marufuku upya kwa amri ya Malkia na Baraza lake, bila kupitia Bungeni. Wakashinda Mahakama Kuu 2006. Wakashinda Mahakama ya Rufaa 2007. Oktoba 2008 wakashindwa kwa majaji wa Baraza la Malodi, watatu kwa wawili. Ukishinda mara tatu na kushindwa mara moja, ya mwisho ndiyo inayohesabiwa.

Mbona Uingereza ikang'ang'ania hivyo? Kwa sababu ya uwanja. Njia ya kurukia ya Diego Garcia imefika futi 12,000, karibu kilometa 3.7, inapokea ndege yoyote ya jeshi la Marekani. Mwaka 1991 ndege za B-52 zilitoka pale kwenda kuipiga Iraq. Mwaka 2001 Afghanistan. 2003 Iraq tena. Mwaka 2025 zilionekana pale B-2 sita, zile nyeusi kama popo, wakati Yemen inapigwa na Iran inatishwa. Februari 2008 David Miliband, Waziri wa Mambo ya Nje, alilazimika kukiri Bungeni kwamba ndege mbili za Marekani zilizobeba watuhumiwa wa ugaidi wanaohamishwa kisiri zilitua pale mwaka 2002, baada ya serikali kukana kwa miaka. Yaani jambo likifanyika pale, hata mwenye nyumba anaambiwa mwisho, au anajifanya kuambiwa mwisho.

Na Miliband huyo huyo, Aprili 2010, akatangaza bahari ya Chagos kuwa hifadhi kubwa ya viumbe. Hakuna kuvua! Wapenzi wa mazingira wakashangilia. Baadaye waraka wa ubalozi wa Marekani uliovujishwa na WikiLeaks ukaonesha ofisa wa Kiingereza akiwaeleza Wamarekani kwamba hifadhi itafanya iwe vigumu kwa wenyeji kudai kurudi. Mwaka 2015 baraza la usuluhishi la sheria ya bahari likasema hifadhi ile ilikiuka haki za Mauritius. Kobe walisaidiwa na wanamazingira dhidi ya uwanja wa ndege; watu wakaletewa mazingira kulinda uwanja wa ndege.

Jambo lililonipa nguvu lilitokea The Hague tarehe 25 Februari 2019. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuikata Chagos hakukuwa halali na Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Majaji 13 kwa mmoja, na huyo mmoja Mmarekani. Aliyeketi katikati kama Rais wa Mahakama ni Abdulqawi Ahmed Yusuf, Msomali. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda aliandika maoni yake mwenyewe akitaka Mahakama iende mbali zaidi. Mwezi wa Mei Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura, 116 kwa 6, na kuipa Uingereza miezi sita. Miezi sita ikapita.

Ndipo tarehe 22 Mei 2025 Keir Starmer akatia saini mkataba na Mauritius. Waziri Mkuu wa Mauritius safari hii ni Navin Ramgoolam, mtoto wa yule yule Ramgoolam wa 1965. Visiwa vinarudi kwa Mauritius. Diego Garcia inakodishwa kwa Uingereza miaka 99, kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Mauritius inaweza kurudisha watu visiwa vingine, si Diego Garcia. Kuna mfuko wa pauni milioni 40 kwa ajili ya Wachagosi. Kutia saini na kuutia mkataba nguvu ni mambo mawili, na siasa za Washington zinageuka kama upepo wa kaskazi, kwa hiyo siwatabirii.

Ninachotaka mkione ni kiti kilichokuwa wazi. Mwaka 1965 waliketi Waingereza na Wamauritius, Wachagosi hawakuitwa. Mwaka 2025 waliketi Waingereza na Wamauritius, Wachagosi wakapewa taarifa. Asubuhi ile ile ya kutia saini, wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikwenda mahakamani hapa London kuzuia, wakapata amri usiku wa manane, ikaondolewa kabla ya chakula cha mchana. Wao hawaitaki Mauritius, wanakumbuka walivyotendewa. Olivier Bancoult na wengi wa kule wanaiunga mkono. Crawley, pale jirani na uwanja wa Gatwick, ambako wamehamia maelfu tangu walipopewa uraia mwaka 2002, utakuta nyumba moja ina maoni matatu.

Hapa najua tutagombana. Kaka zangu wengi mtasema kurudi kwa Mauritius ni ushindi wa Afrika, ukoloni umekwisha, basi. Mimi naunga mkono uamuzi wa The Hague kwa roho yangu yote. Lakini mimi ni Mzanzibari, nimekulia nyumba ambayo wazee walikuwa wakishusha sauti wakizungumzia mikataba iliyosainiwa na wakubwa wawili kwa niaba ya watu wasioulizwa. Sitaingia huko leo, Mwenyekiti usininyime maji. Nasema tu kwamba mtu aliyefukuzwa kwao akisema "niulize mimi", hatuwezi kumjibu kwamba bendera inatosha.

Na tusidhani habari hizi ni za katikati ya bahari tu. Wenzetu wa Lamu wana kambi ya Wamarekani Manda Bay, nayo ina njia ya kurukia ndege. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliishambulia, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Mlamu aliulizwa lini kama anaitaka? Wapo watakaosema inamlinda, na huenda kweli. Ningependa asikike yeye akisema hivyo.

Yule bibi wa Peros alikaa kwetu siku kumi na moja. Siku ya saba nilimwonesha kwenye simu picha za Februari 2022, pale Wachagosi walipokwenda na meli iliyokodiwa na Mauritius wakakanyaga Peros Banhos kwa mara ya kwanza bila kusindikizwa na Waingereza. Kanisa limebaki kuta, minazi imeota ndani ya nyumba. Alishika simu karibu na uso, akaniuliza kitu, bintiye akatafsiri: anauliza hiyo minazi, nani anaifua? Nikamwambia hakuna, inaanguka yenyewe. Akasikitika kwa nazi kuliko kwa kanisa.

Kwenye jalada lake sikuweza kubadilisha kompyuta. Kuna karatasi moja ya wauguzi bado tunaiandika kwa mkono, nikaandika pale Peros Banhos, Chagos. Mwenzangu wa zamu iliyofuata akaniuliza hiyo ni wapi, nikamchorea.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nasikia wa Mombasa wana maswali, karibuni.